Shangazi, boti yangu niilaze wapi: ziwani, Lindi au Mikindani?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa Ligula, Mtwara, nina miaka 59. Nimefanya kazi Mwanza kwa miaka 22, mwaka huu nimestaafu na nimerudi nyumbani na mke wangu pamoja na mtoto wetu wa mwisho wa miaka 12. Anasa pekee niliyowahi kujinunulia ni boti. Si kubwa: ya faiba, futi 19, mashine ya HP 40, na turubai la kivuli. Kule ziwani ilikuwa starehe yetu ya Jumapili. Tunakwenda visiwani, tunavua kwa mshipi, sato anakaangwa hukohuko, jioni tunarudi. Niliilaza kwenye gati la watu binafsi, nalipia kwa mwezi. Kulikuwa na mlinzi na bomba la maji. Nami naifunga kamba mbili, ya mbele na ya nyuma, naondoka zangu.

Sasa boti inakuja kwa lori mwezi ujao pamoja na tela lake, na nyumbani hatuelewani pa kuiweka.

Mke wangu ni mtu wa Sengerema. Bahari anaiogopa. Amesikia kuna ziwa Kitere huku kwetu, anasema boti ni ya maji baridi na irudi kwenye maji baridi, la sivyo yeye na mtoto hawapandi. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, yuko Lindi. Anasema niilaze pale, yeye ataitunza bure, na siku ambazo siitumii ataifanyia safari za kuvusha watu kwenda Kitunda, ng'ambo ya ghuba, ili ipate hela ya mafuta. Rafiki yangu niliyesoma naye ana kiwanja Mikindani kinachoshuka hadi majini. Ananiambia tujenge banda la boti chini ya minazi, kando kabisa ya maji. Na mimi mwenyewe, Shangazi, moyo wangu uko Msimbati tangu ujana. Ule mchanga hauna mfano.

Nauliza mambo mawili. Kwanza, ni kweli huku kusini hakuna gati la kukodi kama lile la Mwanza? Pili, katika hizo sehemu nne nichague ipi? Hela yangu ni ya kiinua mgongo, nikikosea sina ya kurudia.

Mstaafu wa Ligula

*

Marahaba, mwanangu, na karibu nyumbani. Mtwara kuchele.

Swali la kwanza tulimalize haraka. Gati la kukodi kwa mwezi, lenye mlinzi na bomba, mimi sijaliona Mtwara wala Lindi. Dar es Salaam klabu ya boti iko Msasani, Tanga iko Ras Kazone. Sisi tuna bandari ya Mtwara, nayo ni ya meli na mizigo, halafu tuna fukwe ambazo wavuvi wamelaza vyombo vyao tangu enzi za mababu. Kwa hiyo unachotafuta wewe ni maji yaliyotulia na mtu wa kuangalia chombo chako. Katika hayo mawili, mtu ndiye mgumu kupatikana.

Lakini kilichonishtua katika barua yako si Kitere wala Lindi. Ni zile kamba mbili.

Ziwa Victoria halipwi. Ukifunga boti asubuhi, jioni maji yako palepale. Huku bahari hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani zile bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inazidi mita 3. Hicho kinazidi kimo cha mtu na mtoto mabegani. Marehemu mume wangu alikuwa nahodha wa jahazi, na hadithi aliyopenda kuisimulia ni ya mgeni mmoja aliyefunga boti yake kwenye nguzo za gati kwa kamba fupi, safi, mafundo ya kupendeza, akaenda kulala. Kesho yake saa nne asubuhi boti inaning'inia hewani kama mkungu wa ndizi dukani. Kamba ya nyuma ikakatika kwanza, na mashine ndiyo iliyotangulia kwenye tope. Watu wa ufukweni walicheka hadi adhuhuri, ndipo wakamsaidia.

Kwa hiyo kabla hujajifunza pwani, jifunze mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua. Ukiwa nusu tunapata maji mafu, hayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Na hili uliandike ukutani: katika pwani yetu siku za bamvua maji hukauka karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hujaa karibu saa kumi, alasiri na alfajiri. Kila siku yanachelewa kwa dakika kama 50. Zile safari zenu za Jumapili, kutoka saa mbili na kurejea muda wowote mnaotaka, huku hazipo. Kuna Jumapili mtatoka alfajiri, kuna Jumapili mtatoka saa tisa, na kuna Jumapili mtakaa nyumbani mle ugali.

Mahali popote atakapokuonyesha mtu, usikubali ukiwa umepaona maji yamejaa. Maji yakijaa kila ufukwe ni mzuri. Nenda siku ya pili ya bamvua, saa nne asubuhi, na kandambili ambazo huzionei uchungu. Anzia mnazi wa mwisho, tembea hadi yanapoanzia maji ya kufika magotini. Hesabu hatua zako, angalia unakanyaga nini: mchanga mgumu, tope, au mawe ya matumbawe. Pale Shangani kwenu, mtu anaweza kutembea mpaka akasahau alikuwa anafuata nini. Ukifanya hivyo mara moja tu, nusu ya watu wanaokushauri utaacha kuwasikiliza, pengine na mimi mmojawapo.

Sasa tuje kwenye sehemu zako nne.

Msimbati. Nakuelewa, mwanangu, hata mimi nimeupenda. Ila eneo lile limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kuingia kuna kiingilio, na nanga haitupwi ovyo juu ya matumbawe. Pia uko karibu na mpaka. Tangu vurugu zianze Cabo Delgado, Oktoba 2017, boti ngeni isiyojulikana ni ya nani, ikiwa na mashine nzuri na imelala peke yake ufukweni, ni kitu cha kuulizwa maswali, na wanaouliza wana haki. Nenda Msimbati kutembea, mchana, umeaga. Usilaze boti huko.

Lindi. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Ghuba ya Lindi imeelekeza mdomo kaskazini-mashariki, kwa hiyo msimu wa kaskazi, Desemba mpaka Machi hivi, upepo na mawimbi vinaingia ndani bila kubisha hodi. Mto Lukuledi nao unamwaga tope lake humohumo. Wavuvi wa Lindi wanaishi na hayo kwa sababu wako pale kila siku. Wewe utakuwa zaidi ya kilomita 100. Boti iliyo mbali kiasi hicho utaitumia Idi na Krismasi.

Ila tatizo kubwa la Lindi si upepo, ni ukarimu wa shemeji yako. "Nitaitunza bure" na "nitavushia watu" haviwezi kukaa kwenye sentensi moja. Kitunda kuna kivuko cha serikali. Boti ya starehe ikianza kubeba abiria wa kulipa inakuwa chombo cha biashara, na mbele ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, hiyo ni habari nyingine kabisa: ukaguzi wake, leseni yake, idadi yake ya watu. Siku imejazwa watu kumi na tano na magunia, ikapata la kupata, jina kwenye karatasi ni lako, si la shemeji. Mwambie asante, umwambie mapema, kabla lori halijafika. Ukichelewa utakuta ameshachukua hela ya mtu. Na usimwambie dada yako ndiye apeleke ujumbe.

Kitere. Mkeo hana kosa kuipendekeza, na upande mmoja yuko sahihi kabisa: maji baridi yanaipenda mashine kuliko chumvi. Lakini Kitere si Ziwa Victoria. Ni ziwa dogo, linapanda na kushuka na mvua, na wenyewe wana mitumbwi yao na nyavu zao. HP 40 mle ndani ni kama kuingiza lori kwenye uwanja wa shule. Utakata nyavu za watu wiki ya kwanza. Halafu kuna kichocho, ambacho mtu wa Sengerema anakifahamu vizuri: kiko kwenye maji baridi, baharini hakipo. Na maji baridi ya huku yanaweza kuwa na mamba na viboko, kwa hiyo kabla mtoto hajatumbukiza hata mguu, waulize wenyeji. Hayo hayo nakwambia kuhusu Rutamba kule Lindi, endapo mtu atakutajia.

Ile hofu ya bahari nitairudia, si jambo la kupuuza.

Mikindani. Mwaka 1866 Livingstone alikuja pwani hii na ngamia, nyati, nyumbu wa kubebea mizigo na punda, akitaka kushukia Ruvuma. Mikoko na tope vilimshinda, hakuweza kushusha wanyama, akageuza chombo akaja kushukia Mikindani. Mtu aliyekuwa na ngamia chomboni alichagua hivyo, nawe ufikirie. Ghuba ya ndani ya Mikindani ina mlango mwembamba, mawimbi ya nje yanafia mlangoni, na upepo wa kusi ukivuma unakuta maji ya ndani yanachezacheza tu. Ubaya wake ni kingo zake: bamvua ikipwa, pembeni panabaki tope na mikoko. Ndiyo maana nimekutuma na kandambili.

Banda la rafiki yako, hapana. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. "Kando kabisa ya maji" ni ndani ya hizo 60. Na asije akafyeka mikoko kukutengenezea njia. Mikoko inalindwa, na kwa vyovyote ndiyo inayoshikilia kiwanja chake kisiende na maji.

Basi niseme ninavyoona mimi. Katika hizo nne hukuitaja ya tano, na ndiyo ninayokuchagulia: uwanja wa nyumba yako Ligula. Umeandika mwenyewe kwamba boti inakuja na tela, ukapita haraka kana kwamba tela ni kifungashio. Tela ndilo gati lako. Nyumbani una bomba, una geti, una macho ya mke na mtoto na jirani. Mikindani ni kama kilomita 10 tu. Siku ya safari unakodi gari la kuvuta, unashusha boti kwenye sehemu ya mchanga mgumu na kokoto mliyokubaliana na rafiki yako, maji yakiwa yanajaa, mnakwenda, mnarudi kabla hayajapwa, unaipandisha, unakwenda nayo nyumbani. Kiwanja chake kikupe njia ya kupita na mahali pa kuegesha gari, na hata hiyo muiandike, hata mkiwa mmesoma wote.

Utasema ni usumbufu. Ni usumbufu kweli, na kila safari utalipa gari. Lakini boti inayolala majini inaota magamba tumboni ndani ya wiki chache, inahitaji rangi ya kuyazuia, nanga nzito au boya, kamba ndefu mara tano hadi saba ya kina cha maji yaliyojaa, na mtu wa kuiamkia. Mvua zetu ni msimu mmoja mrefu, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, na mvua kubwa ya usiku mmoja inajaza boti iliyo wazi ikazama palepale ilipofungwa, bila wimbi lolote. Kwenye tela unachomoa kizibo cha nyuma, maji yanajitokea. Mashine nayo inazidi kilo 70; wavuvi huibeba mabegani kila jioni kwa sababu wanajua ikibaki ufukweni itapata mwenyewe mwingine. Halafu kuna siku za vimbunga. Haviji kila mwaka, lakini Kenneth mwaka 2019 alipita jirani yetu hapo Msumbiji, na Hidaya Mei 2024 alitufikia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza, mwenye boti majini anakimbia huku na huku. Wewe utakuwa unaifunga turubai uani.

Jipe miezi sita ya hivyo. Ukiona mnatoka kila wiki na gari la kuvuta linakula kiinua mgongo, ndipo uweke boya ghuba ya ndani kwa ile miezi ya Oktoba na Novemba bahari inapolala, na umlipe kijana wa palepale Mikindani kuiangalia. Kumlipa, si kumpa "kitu kidogo" unapokumbuka. Jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe. Chombo ambacho watu wanajua ni cha nani hakisogei usiku.

Jambo la haraka sasa, kwa sababu lori halijaondoka. Nyuma ya mashine yako kuna vipande vya madini laini vinavyowekwa viliwe na kutu badala ya mashine yenyewe. Boti ya ziwani mara nyingi huvalishwa vya magnesiamu. Hivyo baharini vinayeyuka haraka, na vikiisha chumvi inahamia kwenye mashine. Piga simu kwa fundi wako wa Mwanza leo, muulize alifunga vya aina gani, aweke vya zinki au alumini. Na ukishaanza kutoka, kila safari ikiisha, unaunganisha bomba na kuisukutua mashine kwa maji baridi kwa dakika kumi hivi inanguruma. Kila safari, hata ile ya nusu saa. Mafundi wetu hapa wanakula kwa watu waliosema "nitaiosha kesho". TASAC nao wafikie na karatasi zako za usajili mapema, wakague chombo, na makoti ya kuokolea yawe sawa na idadi ya watu, la mtoto likiwa la saizi ya mtoto.

Sasa mkeo. Usimwambie bahari haina hatari, atakujua unamdanganya. Lakini yeye ni mtu wa ziwa, ana kumbukumbu ya MV Bukoba mwaka 1996, na MV Nyerere mwaka 2018, ile iliyopinduka karibu kabisa na gati la Ukara. Maji baridi hayakuwaonea huruma wale watu. Msiyataje kama ushindi wa ubishi. Mwulize tu ni kitu gani hasa anachoogopa. Yawezekana ni mawimbi, yawezekana ni kutoona ng'ambo, yawezekana ni wewe na uendeshaji wako. Kila kimoja kina dawa yake, na cha tatu ndicho kigumu kukisema.

Halafu muende wote watatu mkapande kivuko cha Msangamkuu, bila boti yako, bila kumwambia ni mtihani. Ni safari fupi, ng'ambo inaonekana, na upande wa pili kuna ufukwe wa mtoto kujifunza kuogelea kwenye maji ya kiuno. Aanze mtoto kuogelea, mkeo akae kivulini aangalie. Nendeni mara tatu, nne. Nauli yake haifiki hata lita chache za mafuta. Kati ya Julai na Novemba nyangumi hupita nje ya pwani yetu. Mkeo akishaanza kuuliza mwenyewe kama ni kweli wanaonekana, hapo ndipo ukakodi gari la kuvuta.

Sato hamtawapata. Mtapata changu na kolekole, na mafuta ya kukaangia mtayahitaji kidogo tu.